Ziwa Ndani ya Kioo

Msomaji, ukipata nafasi ya kufika Nairobi, nawe ukashuka Kibera wakati wa jioni, ingia mtaa uitwao Kisumu Ndogo. Jina lenyewe lakuambia wakazi wake wengi walitoka upande gani, na jina hilo hilo hutajwa kwingineko pia, maana msafiri huchukua jina la kwao kama achukuavyo godoro lake. Kando ya njia utawakuta akina mama wamekaa nyuma ya karai za mafuta yanayochemka. Omena wakavu hupimwa kwa gorogoro. Mbuta hukatwa vipande vipande, na asiye na fedha nyingi hununua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kuondoa minofu na kuipeleka ng'ambo. Ukiulizia ngege, utaonyeshwa samaki mwenye magamba mapana, aliyekaangwa mzima mpaka mkia ukakauka.

Sasa nitakuambia jambo ambalo yamkini hukulitazamia. Samaki huyo uliyeonyeshwa si ngege. Ni nyamami, jamaa yake, aliyeletwa katika Ziwa Viktoria kutoka maji mengine katika miaka ya 1950. Au pengine ni samaki wa kufugwa bwawani, aliyekuja katika barafu kutoka Uchina. Ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa kuu. Jina limebaki, na mwenye jina ameondoka. Tena ndugu zake wadogo, wale ambao Wajaluo huwaita fulu, na Watanzania furu, na Waganda nkejje, walikuwa zaidi ya aina 500, na aina nyingi miongoni mwao hazionekani tena ziwani. Lakini baadhi yao wako hai. Wamo ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, hata katika nyumba za watu ambao hawajapata kuliona ziwa lenyewe. Namna gani samaki wa kwetu alikuja kuwa mgeni wa kudumu sebuleni mwa watu wa mbali? Habari hii yaanza mbali kidogo, nayo yaanza na kioo.

Wachina walifuga samaki wa dhahabu kwa zaidi ya miaka 1,000 katika madimbwi na vyombo vya udongo, wakawatazama kwa juu. Kumtazama samaki ubavuni, jicho kwa jicho, ni jambo la juzi. Mwaka 1832 mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alijitengenezea masanduku ya kioo ili amchunguze mnyama mmoja wa baharini wa jamii ya pweza, ambaye hukaa ndani ya gome jembamba. Wataalamu walikuwa wakibishana kama mnyama yule huliiba gome lake au hulijenga. Mama huyu alimwangalia siku baada ya siku, akaona kwamba hulijenga mwenyewe. Ubishi ukaisha. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kioo: hukata maneno.

Katika Uingereza kodi ya kioo iliondolewa mwaka 1845, na kioo kikawa rahisi. Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington wa London alieleza jaribio lake la kuweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini katika chombo kimoja, bila ya kuyabadili maji kila mara. Majani yalipooza na maji yakachafuka; akatia konokono, konokono wakala uozo, na maji yakatakata. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake juu ya kufuga viumbe wa bahari nyumbani. Watu wakashikwa na wazimu wa jambo hili. Kila mwenye uwezo alitaka bahari yake mezani. Wakaenda pwani na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichoshika mwamba. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa majonzi kwamba vidimbwi vya miambani vilivyompendeza baba yake vilikuwa vimekwisha kuporwa, na vitabu vya baba yake ndivyo vilivyowaonyesha waporaji njia. Shika jambo hili, msomaji, maana tutalirudia: apendaye kuweka aweza kuwa ndiye amalizaye.

Kabla sijaendelea na historia, yanipasa kukueleza tangi ni kitu gani, kwa sababu asiyelijua tangi hatajua ni kazi gani kuiweka aina moja ya fulu hai kwa miaka 40. Tangi ni ziwa lisilo na mto wa kuingia wala wa kutoka. Samaki hula, na alacho hutoka kuwa taka, na taka hiyo huzaa amonia, ambayo ni sumu. Katika ziwa sumu hiyo hupotea katika maji mengi. Katika tangi wanaomwokoa samaki ni bakteria wasioonekana kwa macho, ambao hukaa katika changarawe na katika sifongo ya kuchujia maji. Kundi moja huigeuza amonia kuwa sumu nyingine, na kundi la pili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisichodhuru sana, ambacho mfugaji hukiondoa kwa kubadili sehemu ya maji kila juma. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuongezeka. Kwa hiyo anayenunua tangi na samaki siku moja huwazika samaki upesi. Mimi mwenyewe niliwaua wa kwanza kwa usafi: nilimwaga maji yote, nikaisugua changarawe kwa sabuni, nikajisifu. Siku ya tatu walikuwa wakielea, matumbo juu.

Mtu wa Kisumu Ndogo anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 atajua thamani ya kila lita. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yamwue mdudu wa tumbo, na klorini hiyo humchoma samaki matamvua. Huachwa yakae wazi katika beseni siku nzima au zaidi kabla ya kutiwa tangini. Tangi halikai juani, kwa kuwa jua hulipika na kuligeuza kijani. Samaki hupewa chakula kile tu atakachokimaliza kwa dakika mbili tatu. Wengi hufa kwa kushibishwa kuliko kwa njaa. Na viumbe wa maji ya chumvi ni wagumu zaidi, kwa kuwa bahari haibadiliki upesi: chumvi ikizidi kidogo kwa maji kukauka, au joto likipanda, samaki wa matumbawe aliyetoka pwani ya Kenya huteseka mbele ya macho yako. Biashara ya kuwakamata samaki hao wa mapambo ipo pwani yetu kwa miongo mingi sasa. Wapiga mbizi huwanasa kwa nyavu ndogo, nao husafirishwa kwa ndege katika mifuko ya maji na oksijeni. Wengi wao hukamatwa baharini na si kuzaliwa tangini, na hapo ndipo maneno ya Edmund Gosse yanapotufikia sisi pia.

Turudi ziwani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ambayo siku hizo iliitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kigeni zililetwa katika ghuba, mahali pa migono na vizuizi vya mafunjo vya wenyeji, na baada ya miaka michache samaki wa Kisumu walikuwa wakipanda gari moshi kwenda Nairobi. Aliyetakiwa hasa alikuwa ngege. Akavuliwa kwa bidii kubwa hata serikali ikaingiwa na hofu, ikamwita Michael Graham kuja kulipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Graham alishauri matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi tano. Jambo jingine alilolisema ni hili: kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine, bila ya uchunguzi mrefu kwanza, ni hatari kubwa.

Onyo hilo lilikaa katika makaratasi. Katika miaka ya 1950 palitokea maofisa waliowatazama fulu wakaona kitu kisicho na thamani. Kweli fulu ni mdogo, aghalabu kama kiganja au chini yake, tena ana miiba. Walikuwa karibu sehemu nane katika kila kumi za uzito wa samaki wa chini ya ziwa, na maofisa wakasema kwamba chakula chote hicho chapotea bure: na aletwe mbuta kutoka Ziwa Albert, awale hawa wasiofaa, naye tumle yeye. Mtaalamu Geoffrey Fryer alipinga. Mla nyama, alieleza, hupoteza sehemu kubwa ya anachokula. Ukimlisha mbuta kwa fulu utapata nyama ya mbuta iliyo chache kuliko ya fulu uliyoipoteza. Maneno yake yalichapishwa mwaka 1960. Hayakusaidia kitu, maana mwaka 1954 mbuta walikuwa wamekwisha kutiwa majini karibu na Jinja kimyakimya, bila ya kutangazwa. Na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa kwa idhini, huko Entebbe na huko Kisumu. Walikuja katika vyombo vya maji, msomaji, kama vile samaki yeyote wa nyumbani achukuliwavyo kutoka dukani.

Kwa muda wa miaka 20 hivi hapakuonekana mabadiliko makubwa. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 katika ghuba ya Kenya, na miaka michache baadaye Uganda na Tanzania, mbuta wakajaa. Samaki huyu aweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Fulu, ambao walikuwa sehemu nane za kumi, walishuka mpaka wakawa chini ya sehemu moja au mbili katika mia. Yaaminika kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Mbuta hakuwa mkosaji peke yake: nyavu ndogo zilikuwapo, na mbolea na udongo wa mashamba uliokuwa ukitiririka ziwani ukayafanya maji kuwa mazito na ya kijani, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji likaingia.

Ningependa kukuambia kwamba wapinzani wa mbuta walishinda hoja yote, lakini sivyo. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima walikuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Ilipofika 1990 walikaribia tani 500,000. Viwanda vikajengwa, na watoto wengi wa Nyanza wakasoma kwa fedha ya mbuta. Yule mama wa Kisumu Ndogo mwenye karai ya mgongo wazi ni mrithi wa jambo lile lile lililowamaliza fulu. Mwenye kuandika historia hana budi kuyaweka yote mawili katika ukurasa mmoja.

Basi waliookoka waliokokaje? Mwaka 1977 wataalamu Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi Mwanza, wakishirikiana na Watanzania, kuwachunguza furu. Miongoni mwao walikuwa Frans Witte na Tijs Goldschmidt. Walikuja kuhesabu utajiri, wakajikuta wakiuhesabu mwisho wake: kila mwaka wavu uliinuka na furu wachache na sangara wengi, maana ndivyo mbuta aitwavyo huko. Walipoona hivyo wakawapeleka wengine hai Leiden na kuwazalisha katika matangi. Katika Marekani Les Kaufman na wenzake walianzisha mpango wa kugawana kazi: bustani hii ya wanyama iweke aina hii, na nyingine iweke aina ile. Makumbusho ya Horniman ya London yaliingia katika kazi hiyo pia. Nao wafugaji wa kawaida, watu wa ofisini na wa karakana, wakachukua jozi moja mbili nyumbani.

Fulu hufaa kwa kazi hii kwa sababu ya malezi yake. Jike huyachukua mayai kinywani na kuyalea humo kwa majuma mawili au matatu, naye hali kitu. Mfugaji mwangalifu akiona jike amekataa chakula na kidevu chake kimevimba, humtenga na wengine, na hungoja mpaka watoto watoke kinywani wakiogelea. Lakini tangi si ziwa. Samaki wachache wakizaana wenyewe kwa wenyewe damu hudhoofika, na aina mbili zilizo jirani zikiwekwa pamoja huchanganyika na kuzaa watoto wasio wa huku wala wa kule. Mfugaji akizeeka, au umeme ukikatika usiku mmoja, ukoo mzima waweza kwisha. Koo nyingi zilizookolewa ziwani zimepotea baadaye ndani ya kioo, bila ya mtu kuandika tanzia.

Hata hivyo kioo kilikata maneno mara nyingine tena. Kuanzia miaka ya 1990 mbuta walivuliwa kupita kiasi na wakapungua, na baadhi ya fulu wakaanza kuongezeka ziwani. Walakini palipokuwa na rangi nyingi hapo kale, sasa palionekana samaki wa rangi ya kijivu, waliochanganyika. Kwa nini? Ole Seehausen na wenzake wa Leiden walichukua aina mbili jirani: dume wa moja ni mwekundu, dume wa nyingine ni wa buluu. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimchagua dume wa kabila lake. Walipowasha mwanga wa rangi moja tu, ambao hauonyeshi tofauti ya wekundu na buluu, majike wakashindwa kuchagua. Basi maji yakiwa machafu ziwani, mchumba hamwoni mchumba wake sawasawa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1997. Ni tangi lililotufundisha kwamba mbolea inayotiririka kutoka shambani yaweza kufuta aina ya samaki bila ya kumwua samaki hata mmoja.

Na yule mwekundu ana jina ambalo kila mtoto wa shule wa Afrika Mashariki angelijua. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais wa Tanzania, wataalamu walimpa samaki huyo jina la nyererei kwa heshima yake; na baadaye ukoo wake ukaitwa Pundamilia, neno letu lenyewe, kwa ajili ya mistari myeusi ubavuni. Yeye hajatoweka; angali akiishi kwenye visiwa vya miamba vya ziwa. Lakini ni mmoja wa samaki wetu wapendwao sana na wafugaji wa dunia, na jina la Nyerere latajwa katika maduka ya samaki na watu wasiojua alikuwa nani.

Utauliza, je, waliohifadhiwa hawawezi kurudishwa? Kuna mfano mmoja wa kutia moyo, nao si wa samaki. Katika bonde la Kihansi nchini Tanzania aliishi chura mdogo sana, aliyetegemea manyunyu ya maporomoko ya maji. Maji yalipogeuzwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa Marekani kukuzwa katika vyombo vya kioo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini; mwaka 2010 wengine 100 walirudishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamekwisha kutandazwa. Bonde dogo huweza kutandaziwa mabomba. Ziwa la kilomita za mraba 68,800, lenye mbuta ndani yake na maelfu ya wavuvi wanaomtegemea, halitandaziwi kitu. Na mfugaji ambaye kwa huruma humwaga samaki wake mtoni anapochoka nao, hufanya kwa ndoo ndogo jambo lile lile lililofanywa Jinja mwaka 1954.

Kuna mahali pengine pa kujificha, ambapo hapana kioo. Katika kaunti ya Siaya, ndani ya bwawa la Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, la kilomita za mraba 10 hivi. Mafunjo yamelizunguka pande zote, na maji yaliyo chini ya mafunjo yana oksijeni haba, hata mbuta hawezi kuyapita. Fulu na ngege huyavumilia. Humo yumo fulu mmoja wa rangi nyekundu na kijani, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwa wingi na kumwita fulu wa Krismasi. Neno la Kijaluo limeingia katika Kiingereza chao, nao hulitamka kila jioni wanapolisha. Sehemu za bwawa hilo zimekwisha kukaushwa kwa ajili ya mashamba. Katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yako matangi ambamo mwanafunzi aweza kusimama mbele ya samaki wa ziwa akawatazama kwa ubavu. Naye akitaka kumwona ngege ambaye jina lake hutajwa kila jioni katika Kisumu Ndogo, na apite mbele zaidi, mpaka Kanyaboli, asubuhi mapema, wakati mitumbwi inaporudi. Ngege wa huko ni mdogo kuliko yule wa kwenye karai.